Mawasiliano katika usaili wa kazi: mwombaji wa Kamunyonge, Musoma

Usaili wa kazi ni mazungumzo rasmi ambayo mwajiri humpima mwombaji kabla ya kumpa ajira. Mitaani Musoma wengi huuita "intavyuu". Katika chumba cha usaili mtu husema kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kwa maneno, na kwa yote yasiyo maneno, yaani macho, mikono, mkao, mavazi, sauti na kimya. Makala hii inazieleza njia hizo kwa kumwangalia mwombaji anayetoka Kamunyonge, kata ya Manispaa ya Musoma mkoani Mara. Huyu ameletwa hapa kwa sababu adabu aliyolelewa nayo, ambayo nyumbani humpatia sifa, ndiyo inayoweza kusomwa vibaya na jopo la wasaili.

Kwa ajira nyingi za serikali mwombaji hukutana na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Maombi hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Ajira Portal. Walioitwa huanza na usaili wa mchujo wa kuandika, baadhi ya kada hupita kwenye usaili wa vitendo, na wanaobaki huingia kwenye mahojiano. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hutamka wazi kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa mtu wa Kamunyonge aliyeitwa Dodoma, hilo ni basi la kupita Bunda, Mwanza, Shinyanga na Singida, kisha kutafuta ndugu wa kufikia. Anaingia chumbani na uchovu wa safari, na uchovu huo jopo linaweza kuuona kama uzembe. Mwaka 2025 usaili wa walimu ulifanyika mikoani, na huo ndio utaratibu unaostahili kudumishwa. Kwa upande wa sekta binafsi, iwe viwanda vya samaki vya Musoma, mgodi wa North Mara huko Nyamongo wilayani Tarime au hoteli za watalii za Serengeti, jopo huwa dogo zaidi, pengine meneja mmoja na mtu wa rasilimali watu.

Kuna dai moja linalosambazwa sana kwenye semina za vijana, nalo linahitaji kurekebishwa kabla ya kwenda mbele. Husemwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti asilimia 38 na mwili asilimia 55. Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti tofauti, wengine wakaoneshwa pia picha za nyuso, kisha wakaulizwa kama msemaji anampenda anayeambiwa au hampendi. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake inahusu mawasiliano ya hisia peke yake. Haikupimwa kwa mtu anayejibu swali la uhasibu au uuguzi. Kijana anayeamini hizo asilimia 7 ataazima suti na kuacha kusoma tangazo la kazi, na atakuwa amedanganywa. Katika usaili wa umma wasailiwa wa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale na kila jibu hupewa alama. Aliyenyoosha mgongo bila jibu hana alama.

Kwa hiyo neno ndilo la kwanza. Kosa lililozoeleka zaidi hutokea kwenye agizo linaloonekana jepesi kuliko yote: "Jieleze kwa kifupi." Tuseme nafasi inayogombewa ni ya mtunza ghala katika kiwanda cha samaki. Mwombaji mmoja anajibu: "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo." Jopo limeyasikia hayo tangu asubuhi. Mwingine anajibu: "Kwa miaka 2 nimeandika daftari la dagaa kwa mama mmoja pale mwaloni. Mwezi ukiwa giza wavuvi hurudi alfajiri, ndoo nyingi kwa mara moja, watu wanagombania mizani. Niligundua hesabu ya asubuhi hailingani na ya jioni, nikaanza kupima mara mbili, dagaa wabichi na wakishakauka, na kuandika tofauti. Ugomvi wa hesabu ukaisha." Huyu hajajisifu hata mara moja, lakini jopo limeshajua kwamba anaona kasoro, anachukua hatua, na anaweza kueleza matokeo. Vijana wengi wa Mara wana mambo ya namna hii katika maisha yao: duka la mjomba, ng'ombe wa nyumbani, kibanda cha miamala ya simu, mapato ya kwaya. Huyaficha kwa kudhani si "uzoefu" kwa kuwa hayakuandikiwa barua ya ajira. Ni uzoefu, na yasemwe, ilimradi ni ya kweli, kwa sababu swali linalofuata huwa "ulifanyaje?"

Lugha huwatisha wengi kuliko swali lenyewe. Mara nyingi jopo humtaka mtu ajitambulishe kwa Kiingereza, kisha humruhusu kuendelea kwa Kiswahili. Njia salama ni kuuliza kwa heshima lugha ipi itumike na kubaki nayo. Kurukaruka katikati ya sentensi huonesha hofu. Mkoa wa Mara una Wakurya, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waluo, Waikizu na wengine, na lafudhi zao husikika. Msemaji wa Kikurya anaweza kutamka "kurara" akikusudia "kulala". Hilo si kosa la kumwaibisha mtu, na mjumbe wa jopo anayecheka lafudhi ndiye aliyekosea. Kinachompunguzia alama msailiwa ni mwendo wa maneno: kukimbia, kumeza miisho ya sentensi, kujaza kila pengo kwa "yaani". Kunyamaza sekunde tatu kabla ya kujibu hakumgharimu chochote. Swali lisiposikika, aombe lirudiwe. Asilolijua aseme halijui.

Sasa mwili. Katika familia nyingi za Mara mtoto hufundishwa kutomkazia macho mkubwa. Anamsikiliza baba mdogo akiangalia chini, na hiyo ni heshima. Mbele ya jopo macho yaleyale ya chini hutafsiriwa kuwa ni woga au uongo. Hakuna haja ya kuyakana malezi. Msailiwa amtazame usoni anayeuliza wakati swali linaulizwa, aanze kumjibu yeye, kisha awagawie wengine macho, na anapofikiri anaweza kuyashusha kwa muda. Kukodoa bila kupepesa nako kunachosha, na kwa mtu mzima wa huku kunaweza kuonekana ni ujeuri.

Salamu ni jambo jingine. Akikuta wakubwa zake, "Shikamooni" haijawahi kumharibia mtu usaili. Kama shughuli imeanza kwa Kiingereza, asalimie kwa Kiingereza na kuinamisha kichwa kidogo. Mkono asiutangulize. Aliyeketi upande wa pili ndiye anayeutoa, na wapo wanawake na wanaume ambao kwa sababu ya dini hawashikani mikono na jinsia nyingine. Ukitolewa, apokee kwa mkono wa kulia. Kuushika mkono huo kwa wa kushoto karibu na kiwiko, kama tunavyowasalimia wazee, kunaeleweka na Watanzania wengi. Mabinti wengi wa Kanda ya Ziwa hukunja goti wanaposalimia, na baadhi ya washauri huwaambia waache. Ushauri huo hauna msingi. Goti hukunjwa mara moja mlangoni, na baada ya hapo sauti ndiyo isikunjwe, maana kasoro inayowakosesha wengi nafasi ni sauti inayofifia kabla ya kuifikia meza.

Akishakaribishwa kiti, aketi mzima, miguu sakafuni, mikono juu ya mapaja au mezani mahali inapoonekana. Kubonyezabonyeza kalamu, kuzungusha pete na kutikisa goti huwavuta wasikilizaji kutoka kwenye jibu. Simu izimwe kabisa.

Kuhusu mavazi, watumishi wa umma wana mwongozo wao, na msailiwa akiufuata hatakosea. Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha.

Jopo nalo lina mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na mingineyo, na kinga hiyo inamhusu pia anayeomba kazi. Binti akiulizwa ana mpango wa kuzaa lini, anaweza kujibu kwa utulivu kwamba yuko tayari kutimiza majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo, na kuishia hapo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwombaji kiziwi ataje mapema kwamba anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Na kanuni za macho zilizoelezwa hapo juu hazimhusu asiyeona. Jopo linalomkata alama kwa hilo linamwonea.

Mwishoni huulizwa: "Una swali?" Wengi hujibu "sina" na kuinuka. Swali moja la kweli kuhusu kazi yenyewe, kwa mfano ghala lina zamu ngapi au mtumishi mpya hufundishwa na nani, huonesha kwamba mtu ameshaanza kujiona kazini. Kisha ashukuru, arudishe kiti mahali pake, aage. Katika utumishi wa umma, aliyefaulu lakini akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kazi nafasi inapopatikana, bila kusailiwa upya.