Uamsho wa Gahini na Sanamu Zisizochongwa

Katika Ukristo, kuacha sanamu hakujawahi kuishia kwenye vinyago. Paulo aliwasifu Wathesalonike kwa kuziacha na kumgeukia Mungu aliye hai, lakini kwa Wakolosai aliiita tamaa yenyewe ibada ya sanamu. Luther naye, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea ndicho mungu wa mtu. Afrika Mashariki ililiona fundisho hilo likitendwa hadharani katika Uamsho uliowaka Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye miaka ya 1930.

Vitabu vingi humtaja daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyefika Gahini mwaka 1928, kuwa mwanzilishi. Dai hilo lina nguvu kwa sababu Church alitunza barua na kumbukumbu zake, si kwa sababu ni kweli. Church mwenyewe alisimulia jinsi mwaka 1929, akiwa amechoka na kukata tamaa, alivyokutana kilimani Namirembe, Kampala, na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Mdogo wake Nsibambi, mwalimu Blasio Kigozi, ndiye aliyeubeba moto huo Gahini. Alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, akiwa ameandaa hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda kuhusu ubaridi wa kanisa. Hoja hizo zinastahili kusomwa kabla ya kumbukumbu za mmisionari yeyote, maana zinamshtaki Mkristo aliyebatizwa, si mpagani.

Waliookoka, Balokole kwa Kiganda, waliacha hirizi na matambiko. Hilo wamisionari walilitazamia. Ambacho hawakukitazamia ni kuhesabiwa wao pia kati ya wenye sanamu. Cheo, elimu, kabila na rangi ya ngozi viliwekwa chini ya msalaba pamoja na pombe na wizi. Kwenye ushirika mtu alisimama, akataja dhambi yake kwa jina, kisha akarudisha alichoiba. Mzungu aliyewafokea wahudumu wa hospitali alipaswa kusimama mbele ya wahudumu haohao na kuomba radhi. Katika himaya ya kikoloni, jambo hilo lilikuwa zito kuliko mahubiri mengi.

Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, mvutano ulipasuka. Wanafunzi wa Uamsho waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakilaumu dhambi chuoni na mafundisho waliyoona yanapunguza uzito wa msalaba. Uongozi ukapiga marufuku mikutano ya alfajiri, wao wakaendelea. Wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kinara wao. Wapo wanaoliita tukio hilo kiburi kilichovaa joho la unyenyekevu, na ni kweli kwamba vijana hao walikuwa na ndimi kali. Hata hivyo shtaka hilo halielezi kilichofuata. Nagenda hakuanzisha dhehebu. Alibaki mhubiri asiye na daraja la kasisi ndani ya kanisa lilelile, akizunguka nchi na nchi. Mtu anayeabudu hadhi yake angefungua kanisa lake, kama wengi walivyofanya enzi hizo.

Uamsho ulifika Kenya kupitia mkutano wa Kabete mwaka 1937. Wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya wakoloni, ndugu wengi wa Uamsho wa Kikuyu walikataa kiapo cha waasi na pia wakakataa kubeba silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa.

Hatari iliyoungoja Uamsho wenyewe ilikuwa toba kugeuka kipimo cha kuwapimia wengine. Miaka ya 1970, nchini Uganda, kundi la Okuzukuka, yaani kuamka upya, chini ya Yona Mondo liliwatuhumu ndugu wa zamani kuwa wamesinzia, likakaza masharti, hasa kuhusu kukopa fedha, na ushirika ukagawanyika. Wengi wa ndugu wa zamani waliendelea kukutana kila wiki katika parokia zao, wakiungama kwa zamu, maaskofu miongoni mwao.