Tamasha la tamaduni: Bambuti wanacheza, lakini nani anafaidika?

Tarehe 9 Agosti ni siku ya kimataifa ya watu wa asili, wale ambao hapa kwetu tumezoea kuwaita autochtones. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hiyo mwaka 1994. Siku kama hiyo, ao siku mgeni mkubwa anafika kijijini, kuko neno moja ambalo watu wa Masisi na Walikale wanalijua sana: «Muite Bambuti bakuye bacheze.» Wanaitwa, wanapiga ngoma, wanaimba, watu wanapiga picha. Mara nyingi wanarudi nyumbani na chumvi na sabuni tu, mara nyingine mikono mitupu.

Katika makala hii tunaeleza watu wa asili ni nani, matamasha ya tamaduni yamefanya nini kwingine, na mambo ya kuangalia kama sisi wa Mweso tungetaka kuandaa la kwetu.

Watu wa asili ni nani?

Tuanze hapo, juu neno hili limeleta matatizo kwetu. Mweso, katika sheferi ya Bashali, kuko Bahunde, Bahutu, Batutsi, Banyanga, Bambuti na wengine wengi. Kila mmoja ana lugha yake, ngoma yake na namna yake ya kuoa na kuzika. Lakini katika sheria ya Congo, wanaoitwa watu wa asili ni Bambuti, ambao sehemu zingine wanaitwa Batwa. Ni wale ambao maisha yao tangu zamani yalitegemea pori: kuwinda, kutafuta asali, dawa na matunda.

Jina «mbilikimo» wengi wao hawalipendi, juu linawahesabu kwa urefu wa mwili. Katika redio na jukwaani, ni vizuri kutumia jina ambalo wenyewe wanajiita.

Vilevile, neno «mwenyeji» lisitumiwe kufukuza jirani. Vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto katika teritware ya Walikale na kufika Masisi, vilitokana kwa sehemu kubwa na maneno ya nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na udongo ni wa nani. Tamasha linaloheshimu Bambuti halihesabu nani alifika wa kwanza. Linawapa nafasi watu ambao makabila yote mengine, bila ubaguzi, yaliwadharau.

Wimbo uliofika mbali kuliko waimbaji

Sauti ya watu wa pori ya Congo inajulikana mbali sana. Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili vinavyoitwa Voyager. Ndani ya kila kimoja waliweka sahani ya muziki wa dunia, kama salamu kwa yeyote atakayeikuta. Kati ya nyimbo hizo kuko moja ya wasichana wa Bambuti wa nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Ni wimbo wa jando la wasichana, uliorekodiwa na mtafiti Colin Turnbull, aliyeishi na Bambuti wa pori la Ituri. Leo vyombo hivyo viko mbali na dunia kuliko kitu kingine chochote kilichotengenezwa na binadamu.

Mwaka 2003 UNESCO pia iliheshimu uimbaji wa sauti nyingi wa Baaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ndugu wa Bambuti kwa maisha ya pori. Katika uimbaji huo hakuna mmoja anayeongoza na wengine kuitikia tu. Kila mtu anaingia na sauti yake, na sauti zote zinashikana.

Kwa hiyo tusiseme kwamba tamasha ndilo litawapa Bambuti thamani. Thamani wanayo tangu zamani. Kinachokosa ni faida ya thamani hiyo kuwarudilia wenyewe.

Wengine walifanya namna gani?

Mwezi wa Aprili 2007, huko Impfondo, katika Congo-Brazzaville, watu wa asili kutoka nchi za Afrika ya Kati walikutana kwa mara ya kwanza katika mkutano unaojulikana kama FIPAC. Waliimba na kucheza, lakini pia walizungumza juu ya pori, masomo na matunzo. Mwaka 2011 nchi hiyo ilitoa sheria ya kulinda haki za watu wa asili, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika.

Nchini Kenya, huko Loiyangalani kando ya ziwa Turkana, tangu 2008 kuko tamasha la makabila zaidi ya kumi. Wamo wafugaji wanaoibiana mifugo, na wamo El Molo, kabila dogo sana la wavuvi. Makabila yanaonyesha nyumba zao, chakula chao na ngoma zao. Kabila dogo linasimama sawa na kubwa.

Karibu nasi, Goma ilipata Festival Amani. Ilipangwa kufanyika 2013, vita ikazuia, na mwishowe ikafanyika Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga. Vijana waliokulia katika vita wakaimba na kucheza pamoja. Lakini Goma iko karibu kilometa 100 kutoka Mweso, na barabara yetu munaijua. Kwa familia ya Bambuti, safari hiyo ni ndoto.

Ngoma bila pori

Kuko jambo ambalo jukwaa haliwezi kuonyesha. Nyimbo za Bambuti zina kazi: kuko za kuwinda, za asali, za kilio, za kushukuru pori. Pori likiisha, wimbo unabaki bila kazi. Huku Masisi, tangu wakati wa wakoloni, pori kubwa liligeuka mashamba na malisho ya ng'ombe. Upande wa Walikale, hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa 1970, ilipanuliwa 1975 hadi kuingia teritware hiyo. Batwa waliokuwa ndani ya hifadhi hiyo waliondolewa bila malipo. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki zao, na inapaswa kuwarudishia udongo na kuwalipa fidia.

Halafu vita. Mtu anayekimbia mara tatu, mara ine, hawezi kubeba ngoma kubwa. Anabeba mtoto na sufuria.

Sheria inasema nini?

Tarehe 15 Julai 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria namba 22/030 juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili. Inatambua mila na desturi zao na haki yao juu ya udongo wanaoishi, na inataka wafikie masomo, matunzo na mahakama kwa urahisi. Tangazo la Umoja wa Mataifa la 2007 nalo linasema wazi kwamba watu wa asili ndio wenye mamlaka juu ya urithi wao, pamoja na muziki na michezo yao.

Kwa maneno mengine: wimbo una mwenyewe, kama shamba lina mwenyewe.

Kama tungeandaa hapa Mweso

Kamati yoyote, iwe ya parokia, ya vijana ao ya masomo, inaweza kuanza na mambo haya:

- Bambuti wawe ndani ya kamati tangu siku ya kwanza, wanawake pia. Wasiitwe siku ya kucheza tu.
- Wenyewe wachague wimbo wa kuonyesha. Kuko nyimbo za siri ao za kilio ambazo hazistahili jukwaa.
- Malipo yasemwe mbele, kwa franka, na yawe sawa na ya wanamuziki wengine. Chakula na usafiri si malipo.
- Mwenye kupiga picha ao kurekodi aombe ruhusa kwanza. Redio nayo inahusika.
- Wapewe mikro ya kusema, pamoja na ile ya kuimba. Saa moja ya maongezi na mwami, viongozi na walimu inaweza kuzaa zaidi ya siku nzima ya ngoma.
- Watoto wa makabila yote wacheze pamoja, kila kikundi kifundishe kingine hatua moja.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai pesa nyingi. Kubwa ni kubadilisha lile neno la zamani. Badala ya «muite Bambuti bakuye bacheze», tuanze kwa kuwauliza: ninyi munataka tusherehekee nini, na namna gani?