Mtandao ukikatika Handeni na Korogwe: Kwa nini matengenezo huchukua muda?

Mvua kubwa inanyesha usiku, asubuhi bando lipo lakini net hakuna. Wakala hawezi kutoa hela, malipo ya control number yamekwama. Siku ya pili bado. Kuunga waya tu ndiyo siku mbili?

Kuunga ndiyo kazi fupi. Waya wa mkongo una nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mashine huyeyusha ncha mbili zikashikana. Uzi mmoja ni dakika chache tu, ila lazima pawe pakavu na pasafi, kitu ambacho shimo lililojaa tope halikupi.

Muda mwingi unaliwa kwenye kutafuta. Fundi hutuma mwanga ndani ya uzi, kifaa kinapima unavyorudi na kumwambia umbali wa mkato. Shida ni kwamba hizo ni kilomita za waya, siyo za barabara. Njiani kuna mizunguko ya waya wa akiba, kwa hiyo anafika, anachimba, hapana, anasogea tena. Na akipimia upande mmoja haoni mkato mwingine ulio mbele. Anaunga huu, net bado!

Halafu kufika kwenyewe. Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL, upande wa kaskazini unaunganisha Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha, na Korogwe ipo katikati ya njia hiyo. Kalavati likisombwa, waya uliofukiwa pembeni unaondoka nalo, na hapo hapo ndipo gari la mafundi lilitakiwa kupita.

Mkongo umejengwa kwa mizunguko ili upande mmoja ukikatika data ipitie wa pili. Mji ulio kwenye tawi lenye njia moja hauna bahati hiyo.

Wakati mwingine mafundi hutandika waya wa muda juu ya ardhi ili watu wapate huduma haraka. Ndiyo maana net hurudi, kisha siku nyingine ikapotea tena kidogo: wanahamia kwenye waya wa kudumu.

Kama na Dar net ni mbovu, usilaumu kalavati. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huko hutumwa meli maalumu, siyo pickup.