Lugha ya Mwanafunzi wa Mwanzo katika Historia ya Programu Huria

Makala haya yakusudia kueleza jinsi watu wa kujitolea walivyowafundisha wenzao kutumia mifumo huria ya kompyuta, na kuonyesha kwamba tangu mwanzo kazi hiyo ilikuwa kazi ya lugha. Waandishi wa historia ya kompyuta aghalabu huwasifu waundaji. Waalimu hutajwa pembeni tu, kama watajwapo.

Mfumo wa Unix uliundwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, na kitabu chake cha maelezo kikatoka Novemba 1971. Maelezo hayo ni ya mafundi kwa mafundi wenzao: mafupi, makavu, na yenye kudhani kwamba msomaji ajua tayari atafutacho. Hata amri ya kuyafungua, “man”, ni neno la Kiingereza lililokatwa mkia. Asiyejua jina la amri aitakayo hakuwa na pa kuanzia.

Upungufu huo ulizidi kudhihirika baada ya Agosti 1991, Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, alipoutangaza mfumo ulioitwa baadaye Linux. Hapakuwa na kampuni iliyopaswa kuwafundisha wanunuzi, kwa kuwa hapakuwa na wanunuzi. Mwaka 1992 ukaanzishwa Mradi wa Maandishi ya Linux, ambamo Matt Welsh na wenzake waliandika miongozo bila ujira. Miongozo mingi ilihusu kazi moja moja, mathalan kuunganisha printa. Nadhani nguvu yake ilitokana na kuandikwa na watu ambao hawakuwa wamesahau taabu ya kujifunza. Kadhalika vikundi vya watumiaji viliitisha mikutano ambapo mgeni alileta kompyuta yake, na wenyeji wakamwekea mfumo huku akitazama. Hapo elimu ilirudi mdomoni na mkononi, kama chuoni kwetu: mwanafunzi huona, hujaribu, husahihishwa.

Oktoba 2004 ulitolewa mfumo wa Ubuntu, na hadi 2011 diski zake zilipelekwa bure kwa ye yote aliyeziomba. Jina hili la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa “utu” wetu. Shina ni moja, ila Kiswahili kiliangusha “n” mbele ya “t”. Jina lilikuwa la Kibantu. Amri zilibaki za Kiingereza.

Mwaka huo huo mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Hazikuwa mfumo wenyewe, lakini zilithibitisha kwamba maneno ya kawaida kama “hifadhi” na “hariri” yaweza kubeba maana mpya bila kumshtua mwanafunzi. Sina imani hiyo na “tarakilishi”, neno la vitabu vya shule vya Kenya, ambalo mwanafunzi huliandika katika mtihani kisha hutoka nje akisema “kompyuta”.

Amri zenyewe hazikutafsiriwa, wala hazihitaji. Mwalimu aweza kusema “orodhesha” na kidole kikaandika “ls”. Aweza kusema “hamia” na kidole kikaandika “cd”. Istilahi za namna hii, zizaliwazo kati ya mdomo na kidole, ndizo ambazo idara zetu zingepaswa kwenda kuzisikiliza na kuziandika, kabla ya kuketi kubuni nyingine.