Cairo ya Illinois: Mji Ulio Kati ya Mito Miwili



Juma hili tunawaalika kusafiri nasi kwa fikra hadi ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, nchini Marekani, mahali ambapo mto Ohio unaungana na mto Mississippi. Hapo upo mji mdogo uitwao Cairo, makao makuu ya Kaunti ya Alexander. Jina ni lile lile la mji mkuu wa Misri, ila wenyeji wenyewe hulitamka kwa namna inayokaribia sana neno letu "kero". Sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 1,733, idadi ambayo parokia nyingi za mijini kwetu huipita katika Misa za Jumapili moja. Mwaka 1920 walikuwa 15,203. Jambo linalotusukuma kuandika ni swali jepesi kuuliza: watu hao walikwenda wapi, na kwa nini?

Tuanze na ardhi yenyewe. Cairo imekaa juu ya ulimi wa nchi tambarare, mahali pa chini kuliko pote katika Illinois, maji yakiwa kushoto na kulia. Kwa hiyo mji umezungushiwa matuta makubwa ya kuzuia mafuriko, na upande wa kaskazini, barabara inapopita chini ya reli, kuna lango zito la chuma linaloweza kuteremshwa ili mji ufungike kabisa. Eneo lote hilo la kusini huitwa Misri Ndogo. Wazee wa huko husimulia kwamba baada ya baridi kali ya mwaka 1830 kuingia 1831, mazao ya kaskazini yalipoharibika, watu waliteremka kusini kutafuta mahindi kama wana wa Yakobo walivyoshuka Misri (taz. Mwa 42). Masimulizi hayo ni mazuri, lakini jina la Cairo lilikwisha kuandikwa katika hati mwaka 1818, kwa hiyo yanafaa zaidi kueleza jina la eneo kuliko la mji.

Majaribio ya kwanza ya kujenga hapo yalishindwa. Charles Dickens alipopita mwaka 1842 aliona kinamasi na nyumba zilizoachwa nusu, akapaandika vibaya mno. Reli ya Illinois Central ndiyo iliyoleta uhai katika miaka ya 1850, na mwaka 1860 makao makuu ya kaunti yakahamishiwa Cairo kutoka kijiji cha Thebes, nacho chenye jina la Kimisri. Mwaka uliofuata ikazuka vita ya wenyewe kwa wenyewe, na Jenerali Grant akaweka makao yake hapo. Oktoba 1861 walifika Mama Angela Gillespie na masista wenzake wa Shirika la Msalaba Mtakatifu kuwahudumia majeruhi. Hawakuwa wauguzi waliofunzwa, walikuwa walimu. Walikuta uchafu na damu sakafuni, wakaanza kwa kufagia na kupiga deki. Baada ya vita, mwaka 1867, shirika hilo lilianzisha hospitali mjini.

Vita hiyo ilileta pia maelfu ya watu weusi waliotoroka utumwa kusini. Wengi walipita, wengine wakabaki, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Walibeba mizigo bandarini, wakajenga shule na makanisa. Hapa ndipo historia ya Cairo inapokuwa nzito. Tarehe 11 Novemba 1909, William James, mtu mweusi aliyetuhumiwa kuua msichana mweupe, alinyongwa na kupigwa risasi na umati wa maelfu bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Usiku ule ule umati ukamtoa gerezani mzungu mmoja, Henry Salzner, naye ukamwua. Mwandishi Ida B. Wells alifunga safari kwenda Cairo kuchunguza, kisha akasimama mbele ya gavana kupinga mkuu wa polisi wa kaunti asirudishwe kazini. Gavana akamkubalia.

Mwaka 1962 vijana walidai bwawa la kuogelea la mji liwe wazi kwa wote. Iko picha mashuhuri ya mwaka huo: John Lewis na wenzake wawili wamepiga magoti nje ya bwawa hilo, wanasali. Wenye bwawa waliona afadhali kulifunga kuliko kuogelea pamoja nao, na baadaye likajazwa zege. Julai 1967 askari kijana mweusi aliyekuwa likizoni, Robert Hunt, alikutwa amekufa kituoni mwa polisi. Polisi walisema amejinyonga. Jamii yake haikusadiki, na ghasia zikazuka. Raia weupe wakaunda kikundi chenye silaha. Mwaka 1969 watu weusi wakaanza kuyasusia maduka yasiyokubali kuwaajiri, na wenye maduka wengi wakaona heri wafunge.

Kanisa letu lilikuwa ndani ya mambo hayo, wala si upande mmoja tu. Wakatoliki weusi walikuwa na kanisa lao la pembeni, la Mtakatifu Columba. Kwamba ilihitajika altare mbili katika mji wenye watu wachache hivyo, msomaji atapima mwenyewe. Padre kijana wa Jimbo Katoliki la Belleville, Gerald Montroy, alipotumwa huko aliwafungulia waliosusia maduka kanisa hilo, likawa mahali pao pa kukutania. Wakatoliki weupe wakamlalamikia kwa Askofu.

Wako wanaosema kwamba mji uliuawa na madaraja. Hoja hiyo ina uzito. Daraja la reli la mwaka 1889 liliondoa kazi ya vivuko vilivyokuwa vikivusha mabehewa, na barabara kuu iliyokamilika mwaka 1978 iliwapitisha wasafiri pembeni. Lakini kati ya mwaka 1960 na 1970, kabla ya barabara hiyo, wakazi walishuka kutoka 9,348 hadi 6,277. Daraja halikumlazimisha mwenye duka kufunga ili asimwajiri jirani yake.

Mwaka 2011 mto Ohio ulipanda Cairo kufikia futi 61.72, kiwango kisichopata kuonekana. Spika wa bunge la Missouri alipoulizwa angependa yafurike mashamba ya jimbo lake au Cairo, alijibu Cairo. Baadaye aliomba radhi. Usiku wa Mei 2 jeshi lililipua tuta la Birds Point, na maji yakafunika ekari 130,000 za mashamba. Cairo ikapona. Katika njia ya maji hayo kilikuwamo Pinhook, kijiji cha wakulima weusi, nacho kikaangamia. Habari za kuokolewa kwa Cairo husimuliwa mara nyingi bila kukitaja.

Pigo lililofuata halikutoka mtoni. Mwaka 2017 serikali ya shirikisho ilitangaza kwamba nyumba za umma za Elmwood na McBride zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutotengenezeka, na watu wapatao 400, wengi wao watoto, wakatakiwa kuhama. Mjini hapakuwa na nyumba za kupanga za kuwatosha, na baadhi ya familia zikavuka mto kwenda majimbo jirani. Wahesabu wa sensa walipokuja mwaka 2020, kaunti nzima ilikuwa imeshuka kutoka watu 8,238 hadi 5,240 katika miaka kumi. Hakuna kaunti nyingine ya Marekani iliyopungua kwa asilimia kubwa hivyo.