Sikukuu zilizoipa Dodoma hadhi

Mwaka 2020 jina la Tanganyika lilitimiza miaka 100 tangu Waingereza walipoipa nchi waliyoitwaa kwa Wajerumani. Hapakuwa na gwaride la taifa wala mizinga 21. Sioni ajabu. Watanzania tunahesabu umri wa nchi kuanzia Desemba 9, 1961, Uhuru, kisha Aprili 26, 1964, Muungano. Jina lililoandikwa London na watu wasiotuuliza halina wa kulikatia keki.

Lakini kwa mtu wa Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, mwaka 1920 una kumbukumbu nyingine kabisa. Ndiyo kwanza watu walikuwa wanatoka kwenye Mtunya, njaa iliyoanza mwaka 1917. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya vichwa vyao: Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na Waingereza walipouteka mji wa Dodoma Julai 1916 nao wakachukua vilivyosalia. Mvua zikakataa. Makadirio ya wanahistoria yanasema watu wapatao 30,000 walikufa katika jamii iliyokuwa na watu kama 150,000. Nchi iliyopewa jina jipya huko mbali ilizaliwa huku wazee wa hapa wakifukia wafu wao. Hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini karne ya Tanganyika haikupigiwa ngoma katika nyanda hizi.

Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Wajerumani waliuanzisha mwaka 1907 walipokuwa wakijenga Reli ya Kati, na treni ikafika mwaka 1910. Kwa miaka zaidi ya 60 Dodoma ilibaki kituo cha reli, makao ya jimbo na soko la mifugo, mahali msafiri wa Tabora au Kigoma aliposhuka kunyoosha miguu na kununua karanga. Heshima ya kuandaa sikukuu kubwa za nchi ilikuwa ya Dar es Salaam.

Oktoba 1973 TANU ikatangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mkazi aliijua kwa herufi tatu tu, CDA, na mara nyingi alizitamka kwa hasira, kwa sababu ndiyo iliyopima viwanja na kubomoa nyumba. Mwaka 1976 ukakamilika mpango wa mji uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaonyesha mapenzi yake kwa eneo hili mapema kuliko hapo. Wakati wa Operesheni Dodoma, ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, alikaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Ikulu ya Chamwino ina mizizi yake huko. Ila kazi ya kuhama ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Bunge lilikuja kukaa moja kwa moja mwaka 1996, wabunge wakawa wanapangisha nyumba miezi ya vikao na kuzifunga vikao vikiisha. Mawaziri walikuja na kuondoka. Mji uliitwa makao makuu kwenye vitabu vya shule, na mwanafunzi aliyejibu hivyo kwenye mtihani alipata alama yake, lakini barua za Serikali ziliendelea kutoka Dar es Salaam.

Kilichobadilisha mambo, ukifuatilia tarehe, ni sikukuu.

Julai 25, 2016, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa Dodoma. Utaratibu wake unajulikana: Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, mzee anaweka shoka, kisha viongozi wa dini wanasali. Siku ile Rais John Magufuli, ambaye siku mbili kabla alikuwa amekabidhiwa uenyekiti wa CCM katika mji huohuo, alitumia hadhara ya Mashujaa kusisitiza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma kabla muhula wake haujaisha. Kwa mkoa wenye Kongwa, ambako kuanzia miaka ya 1960 walipiga kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao, Siku ya Mashujaa haikuwa sherehe ya kuazima. Kauli ile pia haikupita hewani. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia.

Aprili 26, 2017 Muungano ulitimiza miaka 53, na kwa mara ya kwanza sherehe zake zikafanyika Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Mwezi uliofuata CDA ikavunjwa. Desemba mwaka huohuo ikaja zamu ya Uhuru, miaka 56, uwanja uleule. Sherehe ya namna hii ina mambo yake yasiyobadilika. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi watu wanakuwa tayari wamepanga foleni milangoni. Watoto wa halaiki, waliochoshwa na mazoezi ya majuma kadhaa juani, wanasimama kwa mistari wakiwa na fulana za rangi za bendera, na mwalimu wao anahangaika nao kwa filimbi. Brasbendi inapita, ndege za jeshi zinakata anga, na nje ya ukuta mama ntilie na wauza maji wanapata siku nzuri kuliko zote za mwezi. Wakazi walioizoea redio sasa waliiona mizinga kwa macho, na wengine waliziba masikio.

Hata hivyo, kilichobaki vinywani mwa watu siku ile hakikuwa gwaride. Rais alitangaza msamaha kwa wafungwa zaidi ya 8,000, wengi wao wakipunguziwa vifungo, na kati ya walioachiwa walikuwamo wanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 katika kesi ya ubakaji wa watoto. Nchi ikagawanyika: wapo walioshangilia na wapo walioumia kwa ajili ya watoto waliotajwa katika kesi ile. Uhuru wa kwanza kuadhimishwa Dodoma ukaingia katika historia kwa mlango ambao hakuna mwandaaji aliyeupanga.

Aprili 26, 2018, miaka 54 ya Muungano, Magufuli akasimama tena Jamhuri na kuipandisha Manispaa ya Dodoma kuwa jiji. Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Bunge lilipitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi Septemba mwaka huo, yaani baada ya tamko la sikukuu. Mtindo ulikuwa huo: kwanza hadhara, baadaye karatasi. Wapo wanasheria ambao wangependa mpangilio uwe kinyume chake, na wana hoja. Ila mtu aliyesubiri tangu 1973 huwezi kumwambia asubiri gazeti la Serikali kwanza ndipo apige kigelegele.

Kwa maoni yangu, sherehe ya Uhuru yenye manufaa kuliko zote zilizowahi kupangwa ni ile ambayo haikufanyika. Desemba 2018 maadhimisho ya miaka 57 yalifutwa, na fedha zilizotengwa, zaidi ya shilingi milioni 995, zikaelekezwa kujenga hospitali Dodoma. Fedha nyingine ziliongezwa baadaye, na leo Hospitali ya Uhuru ipo wilayani Chamwino. Mama anayejifungulia pale hana haja ya kukumbuka gwaride lililofutwa. Tusijidanganye lakini kwamba kufuta sherehe hakuna gharama. Vikundi vya ngoma vilikosa jukwaa, watoto wa halaiki wakakosa siku ambayo wangeisimulia hadi uzeeni, mchuuzi akakosa wateja. Taifa lisilokutana linabaki kukutana kwenye misiba.

Na msiba ulikuja. Machi 22, 2021 Uwanja wa Jamhuri, uleule wa mizinga na halaiki, ulipokea jeneza la Magufuli, aliyefariki Machi 17. Marais wa nchi jirani walikaa kwenye jukwaa walilozoea kukaa wageni wa sikukuu. Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa katikati ya hotuba yake adhana iliposikika kutoka msikiti wa jirani. Akanyamaza mpaka ilipokwisha, kisha akaendelea. Watu wengi wa Dodoma ukiwauliza juu ya siku ile wataanza na hilo, kabla ya hotuba yoyote.

Nimeongea mno juu ya jukwaa kuu. Sherehe za nchi katika nyanda hizi hazianzi wala haziishii Jamhuri. Mwenge wa Uhuru, ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Kilimanjaro usiku wa Uhuru, unapokabidhiwa mpakani mwa wilaya, Bahi ikiupokea au Kondoa ikiuaga, kijiji kizima hakilali. Mchana unazinduliwa mradi wa maji au darasa, usiku unakuwa mkesha, na hapo ndipo Wagogo wanapotoa hazina yao. Wanawake wanabana ngoma za muheme katikati ya mapaja na kuzipiga wakisimama, wanaume wanaleta zeze na marimba, sauti zinapandana juu ya sauti kwa namna iliyomfanya Hukwe Zawose ajulikane duniani kabla hajafariki mwaka 2003. Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Kigogo linalofanyika tangu mwaka 2009, ambalo halisubiri hotuba ya waziri ili lianze. Ukitaka kuona wananchi wakisherehekea na siyo wakisherehekewa, nenda kule.

Makanisa nayo yana uzoefu wa kuhesabu karne ambao Serikali bado haijaupata. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo askofu wake wa kwanza George Chambers alitoka Australia, ilianzishwa mwaka 1927, kwa hiyo mwaka 2027 itatimiza miaka 100. Hiyo ndiyo karne kubwa iliyo karibu zaidi na mji huu, na inabeba shule, zahanati na majina ya koo nyingi za Dodoma, ziwe za Kianglikana au la. Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi wa Mvumi, ilitokana na kazi hiyo, na majengo yake sasa ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Karne ya Uhuru wenyewe itafika Desemba 9, 2061, na ya Muungano Aprili 26, 2064. Safari hii hakutakuwa na ubishi kuhusu mahali. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, wizara ziko Mtumba, na mtoto wa halaiki aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2017 atakuwa na miaka 54. Huyo ndiye atakayeulizwa na wajukuu jinsi Uhuru ulivyoadhimishwa Dodoma mara ya kwanza, na jibu lake litategemea kilichotunzwa. Kwa sasa picha nyingi za siku zile ziko kwenye simu za watu, na simu huibwa, huzama majini, hubadilishwa. Ratiba zilizochapwa zimefungiwa maandazi. Wazee walioshuhudia Chamwino ya Mwalimu wanazidi kupungua.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji ni dogo na halihitaji bajeti ya gwaride: tengeni chumba kimoja, hata pembeni mwa Nyerere Square, mpokee picha, fulana za halaiki, ratiba na sauti za wazee kutoka Jiji na wilaya zote za mkoa. Na wewe msomaji, kama una picha ya Aprili 2017 au ya Desemba ile, andika nyuma yake tarehe na majina ya waliomo kabla hujayasahau.