Mapatano ya Maumbo

Umbo lililochorwa ndani ya kompyuta si mti wala jiwe. Ni hesabu tupu. Kila ncha yake huwekewa nambari tatu, ya urefu, ya upana na ya kimo, na kanuni ya kuziandika nambari hizo ndiyo iitwayo muundo wa faili. Asiyeijua kanuni hiyo, hata akikabidhiwa faili nzima, hufanana na mtu aliyeletewa barua ya herufi asizozisoma. Kwa hiyo historia ya miundo hii ni historia ya mapatano ya watu zaidi kuliko ya mitambo.

Katika miaka ya 1970 viwanda vikubwa vya Marekani vilikuwa na programu mbalimbali za kuchorea, na kila moja iliandika kwa namna yake. Mchoro wa kiwanda kimoja haukusomeka katika kingine ila kwa mfasiri maalumu. Hesabu ya wafasiri hao ilikuwa mzigo: programu 10 zikitaka kufahamiana zote, hutakiwa wafasiri 90, lakini ukiwapo muundo mmoja wa shirika, wafasiri 20 hutosha, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea kwa kila programu. Mwaka wa 1979 Idara ya Taifa ya Viwango, Jeshi la Anga, General Electric na Boeing walikuwa katika shauri moja, na mwaka wa 1980 ukatolewa muundo ulioitwa IGES. Kila mstari wake ulikuwa na nafasi 80, mfano wa kadi za matundu zilizotumiwa na kompyuta za kale. Mrithi wake, STEP, ulichapishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka wa 1994.

Walakini kila mapatano yana gharama yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya 3D Systems ilipounda vitu vya kushikika kutokana na michoro ya kompyuta, ulizaliwa muundo wa STL, ambao huvunja kila umbo kuwa pembetatu ndogo ndogo. Haukuhifadhi rangi, wala haukusema kama nambari 25 ni milimita au inchi. Ulikuwa maskini wa maelezo, lakini urahisi wake uliueneza, na mashine za kuchapa vitu zingali zikiutumia. VRML, uliotokana na mazungumzo ya Geneva ya mwaka wa 1994, ulikuwa tajiri wa rangi, mwanga na mwendo, na mwaka wa 1997 ukapewa cheo cha kiwango cha kimataifa. Lakini kompyuta na nyaya za siku zile zilikuwa dhaifu kuubeba, na cheo hakikuuletea watumiaji wengi.

Ilikuwapo pia miundo yenye wenyewe. FBX ulianzia katika kampuni ya Kaydara ya Canada, ukawa mali ya Autodesk mwaka wa 2006, ukaenea sana katika kazi za filamu na michezo. Lakini kanuni zake hazikutangazwa kwa watu wote. Hapo mchoraji huwa na kazi mkononi, na ufunguo wa kazi hiyo uko kwa mwingine. Muungano wa Khronos ulishika njia nyingine: mwaka wa 2015 ulitoa glTF, ambao kanuni zake ni wazi kwa kila asomaye, nao ukawa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2022. Pixar nayo iliufungua muundo wake wa USD mwaka wa 2016.

Jambo hili haliwahusu wenye viwanda na michezo peke yao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika mradi wenye jina la Kiswahili la Zamani, wamepima kwa miali ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kuta za matumbawe huliwa na mvua na bahari, na huenda siku moja nambari zikawa ndizo shahidi aliyebaki. Lakini shahidi huyo atasema kwa muda ule tu ambao kanuni ya kumsoma inajulikana na haikufungiwa na mtu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa maumbo ya kompyuta, daftari ni kanuni iliyoandikwa wazi.